Damu Inapochacha: Kusoma Majibu ya Gesi za Damu kutoka Bungoma hadi Kitale

  Gesi za damu, yaani oksijeni na hewa ukaa zilizomo ndani yake, hazizungumzwi sana mbele ya watu wasiovaa koti jeupe, na hata wanaolivaa wengi hupokea karatasi ya majibu, wakaikunja na kuitia kwenye faili kabla hawajaisoma hadi mwisho.

Lengo la mhadhara huu ni moja: kuonyesha kwamba karatasi hiyo ni ushahidi, na ushahidi haujielezi wenyewe. Anayeisoma ajue sampuli imetolewaje, mgonjwa anaishi kwenye mwinuko gani, na kifua chake kinafanya nini wakati huohuo. Akikosa hayo matatu, tarakimu zitampoteza hata kama mashine ni mpya.

Kwanza maneno yenyewe. Kila mtu hapa anajua maziwa yanavyochacha kibuyuni. Wadudu wasioonekana hula sukari ya maziwa na kuacha asidi, na asidi hiyo, iliyotambuliwa na Carl Wilhelm Scheele mwaka 1780, ilipewa jina kutokana na maziwa: ndiyo inayotupa neno laktati. Mwili wa binadamu nao hutengeneza laktati pale chembe zake zinapokosa oksijeni ya kutosha. Ikijaa, damu huelekea uchachu, na hali hiyo wataalamu huiita asidosisi. Ikielekea upande wa pili, huitwa alkalosisi.

Uchachu hupimwa kwa pH, kipimo kilichobuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. (Wapikaji wa busaa wasicheke, elimu hii imezaliwa jirani na pipa lao.) Damu ya ateri ya mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 7.35 na 7.45. Nafasi hiyo yaonekana finyu, lakini kipimo chenyewe kina hila: pH ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1, kiasi cha asidi huru kwenye damu kimekaribia kuongezeka mara mbili. Daktari anayesema "imeshuka kidogo tu" anadanganywa na desimali.

Hoja ya kwanza: jibu huanza kuharibika kwenye bomba la sindano.

Damu haifi ikishatolewa. Chembe zake zinaendelea kula glukosi, kutumia oksijeni na kutoa hewa ukaa na laktati. Kwa hiyo sampuli iliyokaa mezani kwa saa nzima husimulia uchachu ambao mgonjwa hakuwa nao. Kanuni ya kawaida ni kuipima ndani ya dakika 30. Sasa fikiria kituo kisicho na mashine, na sampuli inayotakiwa ipande matatu kwenda Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Safari hiyo haimalizwi kwa nusu saa, hata dereva awe nani. Mgonjwa anaweza kusafirishwa. Gesi zake hazisafiri.

Yapo makosa mengine madogo. Povu la hewa likibaki ndani ya bomba, oksijeni ya mgonjwa aliye taabani hupanda kimuujiza na hewa ukaa hushuka. Heparini ya maji, inayozuia damu isigande, ikiwa nyingi huzimua damu, na bikaboneti (tutaieleza katika hoja ya pili) huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kisha kuna kosa la kutoboa vena ukidhani ni ateri. Kosa hili halina ubaya mkubwa likikiriwa, kwa sababu pH ya vena hutofautiana na ya ateri kwa takriban 0.03 tu, na bikaboneti zao hukaribiana. Mtoto wa kisukari anayechunguzwa kama damu yake imechacha anaweza kuepushwa na maumivu ya sindano ya ateri. Oksijeni ya vena, hata hivyo, haimwambii mtu chochote kuhusu mapafu.

Ipo pia hesabu ya kukamata karatasi inayojipinga yenyewe. Hewa ukaa ikizidishwa kwa 24 na kugawanywa kwa bikaboneti, jibu ni asidi huru katika nanomoli kwa lita. pH ya 7.4 ni 40, ya 7.3 ni 50, ya 7.2 ni 63, ya 7.1 ni 79. Tarakimu tatu zikikataa kupatana, mojawapo imekosewa kupimwa au kunakiliwa. Muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kuifanya hesabu hii kwa simu yake.

Hoja ya pili: uliza nani ameanza, na nani amejibu.

Mwili una watunzaji wawili wa uchachu. Mapafu hutoa hewa ukaa, ambayo ndani ya damu ni asidi. Kiwango chake cha kawaida karibu na usawa wa bahari ni milimita 35 hadi 45 za zebaki. Figo hutunza bikaboneti, inayotuliza asidi. Kawaida yake ni milimoli 22 hadi 26 kwa lita. Mmoja akiharibikiwa, mwenzake hujaribu kufidia. Mapafu hujibu kwa dakika na saa. Figo huchukua siku.

Mfano wa kufundishia: mtoto wa miaka mitatu kutoka kaunti ya Bungoma, mahali malaria inapoambukizwa mwaka mzima. Mama anasema mtoto anahema kama aliyekimbizwa, ilhali amelala. Karatasi inasema pH 7.15, hewa ukaa 18, bikaboneti 6. Damu imechacha. Hewa ukaa iko chini, kwa hiyo mapafu hayawezi kuwa ndiyo yaliyoleta asidi; yanaitoa kwa nguvu. Bikaboneti imekwisha: chanzo ni cha kimetaboliki. Je, mapafu yamejibu ipasavyo? Kuna kanuni iliyotolewa mwaka 1967 na Winters na wenzake: zidisha bikaboneti kwa moja na nusu, ongeza 8. Hapa ni 17, ukiruhusu mbili juu au chini. Mtoto ana 18. Mapafu yanafanya kazi yote yawezayo.

Sasa badilisha tarakimu moja. Bikaboneti ibaki 6, hewa ukaa ipande hadi 30. Asiyejua atafurahi, kwani 30 imeikaribia kawaida. Ukweli ni kwamba pH imeporomoka hadi chini kidogo ya 7, na mtoto anachoka. Kifua kilichokuwa kikihema sasa kimetulia, na utulivu huo ndio wa kuogopwa. Hapa ndipo karatasi inapomshinda jamaa aliyeketi kando ya kitanda akisema, "Ashukuriwe Mungu, amelala."

Watu wakubwa kuliko sisi wamewahi kuteleza papa hapa. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliivamia Copenhagen, na Hospitali ya Blegdam ikajaa wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua. Vipimo vilionyesha jumla ya hewa ukaa ya damu imepanda, na madaktari wakadhani ni bikaboneti, yaani alkalosisi ya ajabu isiyoeleweka. Bjørn Ibsen, mtaalamu wa nusukaputi, alisema hapana: wagonjwa hawapumui, hewa ukaa imefungiwa ndani yao. Tarehe 27 Agosti msichana wa miaka 12 alitobolewa njia ya hewa kooni, na Ibsen akampumulisha kwa mkono. Msichana aliishi. Wanafunzi wa udaktari waliitwa kwa mamia, wakaketi kwa zamu kando ya vitanda wakibinya mifuko ya hewa mchana na usiku, na vifo vikapungua sana. Poul Astrup wa maabara ya hospitali hiyo akaunda njia ya kupima pH na hewa ukaa kwa haraka, na kutokana na kazi ya namna hiyo zikaja mashine tunazozililia leo. (Wanafunzi mlio hapa, mkilalamikia zamu ya usiku, wakumbukeni hao.)

Hoja ya tatu: damu ikichacha, tafuta pengo.

Chukua sodiamu, toa kloridi, toa bikaboneti. Kinachobaki ni pengo la anioni, ambalo kwa kawaida huwa kama 8 hadi 12. Likipanuka, kuna asidi ngeni ndani ya nyumba: laktati, asidi za ketoni za kisukari, taka za figo zilizoshindwa, au sumu. Lisipopanuka, bikaboneti imepotea na kloridi imechukua kiti chake, kama inavyotokea kwa anayeharisha sana au aliyemiminiwa maji ya chumvi kwa wingi. Mtoto wetu wa Bungoma, akiwa na sodiamu 134 na kloridi 104, ana pengo la 24.

Kenya imejifunza habari za pengo kwa machozi. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa kipimo chake kiliuzwa kwa shilingi kumi, iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Ilikuwa na methanoli. Mei 2014 msiba wa namna hiyo ulirudi, safari hii katika kaunti kadhaa. Methanoli yenyewe haichachushi damu. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo watu wa kale wa sayansi waliipata kwa mara ya kwanza kutoka kwa sisimizi, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Kugeuka huko huchukua saa nyingi. Mnywaji anayefikishwa mapema anaweza kuwa na pH nzuri na pengo la kawaida, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha asubuhi akasema anaona ukungu. Yeyote anayekaa zamu karibu na soko lenye chang'aa, awe Kitale, Webuye au Chwele, asiridhike na karatasi moja. Arudie kipimo. Dawa ipo: ethanoli safi au fomepizoli huzuia ini lisiendelee na kazi hiyo, na mashine ya kusafisha damu huondoa sumu iliyokwisha ingia.

Pengo nalo hudanganya, na hudanganya zaidi kwa maskini. Sehemu kubwa ya pengo la kawaida ni albumini, protini ya damu. Mtoto mwenye utapiamlo ana albumini kidogo, basi pengo lake la kuanzia ni dogo. Mmoja wa namna hiyo analetwa akiharisha: sodiamu 130, kloridi 108, bikaboneti 10. Pengo ni 12, la kawaida, na mtu ataandika "kuhara tu". Albumini yake ni gramu 15 kwa lita, wakati ya mtu mwenye afya ni kama 40. Kwa kila gramu 10 zilizopungua ongeza 2.5 kwenye pengo. Hapa linakuwa kama 18, na ghafla kuna asidi ya pili imejificha nyuma ya kuhara, pengine laktati ya maambukizi ya damu. Vitabu vingi vinavyotumika vyuoni viliandikwa kwa ajili ya wagonjwa walioshiba, na marekebisho haya huwekwa mwishoni mwa sura, yakisomwa na wachache.

Hoja ya nne: Kitale haiko Mombasa.

Hoja hii ndiyo hasa iliyomfanya msemaji wenu aikubali safari. Viwango vya "kawaida" vinavyochapishwa pembeni mwa karatasi vilipimwa kwa watu wanaoishi karibu na bahari. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya bahari, Kitale takriban 1,900. Hewa ya juu ina oksijeni asilimia ileile, 21, lakini ni nyepesi. Shinikizo la hewa Mombasa ni milimita 760 za zebaki; Bungoma ni kama 645; Kitale kama 610.

Tufanye hesabu pamoja, taratibu. Kwenye shinikizo hilo toa 47 za mvuke wa maji, zidisha kwa 0.21, kisha toa hewa ukaa iliyogawanywa kwa 0.8. Jibu ni oksijeni iliyomo ndani ya vifuko vya mapafu. Mtu mzima wa Mombasa hupata kama 100. Wa Bungoma, ambaye hupumua zaidi kidogo na hewa ukaa yake ni kama 38, hupata 78. Wa Kitale hupata kama 72, na damuni huingia pungufu kidogo ya hapo. Kwa hiyo mkulima mzima wa afya anayepakia mahindi Kitale, akipimwa, anaweza kupewa oksijeni ya 68, na mashine ikachapa alama ya hatari pembeni. Hana ugonjwa. Amezaliwa mlimani.

Kinyume chake ndicho kizito zaidi. Mama mzee amepika kwa kuni na magunzi ya mahindi miaka 40, moshi umemharibu mapafu. Karatasi yake: pH 7.33, hewa ukaa 60, bikaboneti 31. Chanzo ni mapafu; figo zimekuwa zikijibu kwa muda mrefu, kwani hewa ukaa ikikaa juu kwa siku nyingi bikaboneti hupanda kama nne kwa kila kumi. Mpaka hapo kitabu kinatosha. Sasa piga hesabu ya oksijeni. Mombasa, hewa ukaa ya 60 ingemwachia 75 vifukoni, naye angeweza kukaa barazani akizungumza. Kitale inamwachia 43, hata kama mapafu yake yaliyobaki yangekuwa kamilifu. Ugonjwa uleule unaovumilika pwani unakaribia kumuua huku juu. Anahitaji oksijeni, tena ya kupimwa kwa uangalifu, oksijeni ya damu kwenye kijipimo cha kidole ikae kati ya asilimia 88 na 92, kwa kuwa mgonjwa wa aina hii akifunguliwa mtungi bila kiasi hewa ukaa yake inaweza kupanda zaidi.

Hoja ya tano: kifua ni mashine ya kwanza.

Adolf Kussmaul alieleza mwaka 1874 jinsi wagonjwa mahututi wa kisukari wanavyopumua kwa kina bila kizuizi chochote kifuani. Miaka 120 baadaye watafiti wa Kilifi walirudi kwenye alama hiyo kwa ajili ya malaria. Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 1,844 waliolazwa na malaria, na alama mbili za kitandani zikajitokeza kuwa ndizo zinazotangulia vifo vingi: kupungukiwa fahamu, na kupumua kwa taabu. Mwaka uliofuata Mike English na wenzake walionyesha kwamba kupumua kwa kina kwa watoto hao ni dalili ya asidosisi ya kimetaboliki. Mapafu yenyewe mara nyingi hayakuwa na ugonjwa. Yalikuwa yakiitikia damu iliyochacha. Mhudumu aliyefundishwa kutofautisha kuhema kwa kina na kuhema kwa nimonia ana nusu ya karatasi ya gesi machoni mwake.

Je, akishajua afanye nini? Jibu lililokuwa vitabuni lilikuwa rahisi: mimina maji ya dripu haraka. Likajaribiwa hapa Afrika Mashariki katika utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland, kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Mojawapo ilikuwa Mbale, ng'ambo tu ya mlima Elgon kutoka Bungoma; mtoto wa Lwakhakha angeweza kuangukia upande wowote wa mpaka. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa katika makundi matatu. Utafiti ulisimamishwa mapema mwaka 2011. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliomiminiwa albumini, asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa haraka.

Ukumbi umenyamaza, na ni haki unyamaze. Watoto wenye utapiamlo mkali na wa kuhara hawakuwemo, kwa hiyo asitoke mtu hapa akamnyima maji mtoto wa kipindupindu. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulionyesha jambo linaloturudisha kwenye hoja ya tatu: maji ya chumvi yaliongeza kloridi, na kloridi ikaongeza uchachu. Daktari aliona damu imechacha, akatibu, akaichachusha zaidi. Kwa mtoto wa malaria aliyeishiwa damu, kinachohitajika zaidi ni damu yenyewe, maana bila hemoglobini ya kubeba oksijeni laktati haiishi kutengenezwa.

Yanayofuata yanaweza kuanza kabla ya msimu ujao wa mavuno. Vyuo vya utabibu vya Kitale na Bungoma vina wanafunzi wenye afya, wakazi wa miaka mingi, kwenye mwinuko unaojulikana. Kwa idhini yao na ya kamati ya maadili, vijipimo vya kidole kwanza, kisha sampuli chache za ateri, vingeipa kila hospitali viwango vyake vya kawaida, vikachapwa na kubandikwa juu ya mashine badala ya vile vya pwani. Kwa wale walio kwenye meza ya bajeti ya kaunti: bei ya mashine ni mwanzo tu. Kuna katriji zinazokwisha muda, na aina nyingi zinataka jokofu. Kuna umeme unaopotea mvua ikinyesha. Kuna fundi wa kusawazisha vipimo. Ombi la kununua mashine liandikwe pamoja na katriji za miaka mitatu, au lirudishwe.

Na kwa wahudumu wa afya ya jamii, kuna mafunzo ya siku moja yanayowezekana hata chini ya mwembe: kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kutazama kina chake, na kuandika vyote viwili kwenye barua ya rufaa, ili atakayempokea mgonjwa Kitale au Bungoma ajue kifua kilikuwaje alipotoka nyumbani.

 Maswali sasa yanakaribishwa, na aliyekuja na karatasi ya majibu mfukoni ailete mbele tuisome pamoja, jina la mgonjwa likiwa limefunikwa.